Kidimu wa Bibi na Kilichofukiwa Nyuma ya Jiko

Nilipokuwa bado sijajua kuandika jina langu, nilikuwa nayajua majina ya kuku wote wa Bibi, tabia zao, na nani hapatani na nani. Tulikaa upande wa Ruaruke, nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, jiko nyuma, na nyuma ya jiko ua wa matete uliotutenga na jirani. Kuku walikuwa wa Bibi, mama yake baba. Sisi wengine tuliruhusiwa kuwafungulia asubuhi na kuwatupia chenga za mchele, lakini kumpa kuku jina ilikuwa kazi yake mwenyewe, na hakuifanya kwa pupa. Alimtazama kifaranga akikua, mpaka amjue.

"Kuku ana moyo wake kama wewe," aliniambia. "Ukimwita kabla hujamjua, utampa jina la mwingine."

Jogoo aliitwa Jumbe. Alikuwa mwekundu, mkia wake wa kijani ukimetameta, na alitembea kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Akiokota punje hakuila. Aliwaita wake zake kwanza, kisha akasimama pembeni kama mwenye shughuli anayehakikisha kila mgeni amepata pilau. Ustaarabu ule nimeutafuta kwa wanaume wengi sijauona. Ila mwewe akipita, Jumbe ndiye alikuwa wa kwanza kuingia chini ya kitanda cha kamba, na wake zake walilijua hilo wakamsamehe.

Jasiri wa nyumba alikuwa Sikujui, mtetea mdogo mwenye shingo tupu. Akiwa na vifaranga hakumjua mtu yeyote, awe mbuzi, awe mbwa, awe Bibi mwenyewe aliyemlea. Nilimwona kwa macho yangu akimrukia mwewe na kubaki na unyoya wake mdomoni. Halafu alikuwepo Bi Harusi, mweupe pepe, asiyekanyaga tope. Mvua ikinyesha alipanda juu ya kinu akakaa hapo mpaka ardhi ikauke, hata kama wenzake wanagombea kumbikumbi chini ya miguu yake. Na Mpangaji, ambaye alikula kwetu na kulala kwa jirani.

Kidimu hakupewa jina na Bibi kwa sababu alikuja nalo. Kidimu ni kuku ambaye manyoya yake yamegeuka, badala ya kulala nyuma yanatazama mbele, kama kuku aliyekumbwa na kisulisuli akasahau kujichana. Bibi alimpata kwa dada yake aliyekaa Mbwara, akamleta kwenye kikapu kilichofunikwa kanga, kama anavyoletwa mtoto mchanga. Kwetu watu wanaamini kwamba nyumba yenye kidimu hairogeki. Mchawi akija kufukia kitu chake uani, kidimu atakifukua, na ubaya utamrudia mwenyewe. Wapo waliokuja kwetu kuomba vifaranga wake kabla hata hajaanza kutaga.

Mimi nilimpenda kwa sababu nyingine. Kidimu hakuwa mzuri na hakujali. Manyoya yale hayakumwezesha kuruka, kwa hiyo wenzake walipopanda bandani kwa mruko mmoja, yeye alikwea kwanza rundo la kuni, kisha ukingo wa kinu, kisha kidirisha cha jiko, akafika akiwa wa mwisho lakini akafika. Mvua ilimlowesha mpaka kwenye ngozi, naye akajikung'uta akaendelea na kazi. Kazi yake ilikuwa kuparua. Kuku wengine huparua ili wale. Kidimu aliparua ili aone. Alichimba, akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande mmoja akatazama shimo kwa jicho moja, kisha kwa la pili, na mara nyingi aliondoka bila kudonoa kitu. Leo nina kuku wangu nyuma ya nyumba hapa Kibiti mjini, na bado sijapata mwenye udadisi kama ule.

Jirani yetu nyuma ya ua aliitwa Bi Tatu. Alikuwa mtu wa visiwani, huko delta kwenye mikoko. Aliolewa kijijini kwetu, mume akafariki, akabaki peke yake bila mtoto. Aliishi kwa kukaanga samaki na kuwauza barabarani. Alikuwa mkubwa kwa mama, mdogo kwa Bibi, na mama alimwita dada. Mpangaji alilala kwake kwa sababu iliyokuwa wazi kabisa kwangu mimi niliyeshinda na kuku: Bi Tatu aliposafisha samaki alitupa matumbo chini, na Mpangaji alipenda matumbo ya samaki kuliko kitu kingine duniani. Lakini watu wazima hawakuona hivyo.

"Kuku hahami nyumba yenye kidimu bila kuvutwa," nilimsikia mwanamke mmoja akisema kisimani. "Watu wa visiwani wana dawa zao."

Mwaka ule mdogo wangu Jumanne aliugua. Alikuwa bado ananyonya. Homa ilimpanda usiku ikashuka asubuhi, ikapanda tena. Baba alikuwa bondeni kwenye mavuno ya mpunga, hivyo mwanamume wa nyumba alikuwa Baba Mdogo Hamisi, mpasua mbao, mtu wa kucheka kwa sauti na kukasirika kwa sauti. Alimpenda Jumanne kama wa kwake. Alimbeba mgongoni, wakaenda na mama mpaka zahanati, wakapewa dawa, wakarudi, na homa haikukatika siku ile wala iliyofuata. Majirani walianza kuja kumjulia hali mgonjwa. Na watu wakikusanyika kwenye nyumba ya mgonjwa, maneno hayakosekani.

Asubuhi moja uani kulikuwa na watu wengi. Mama alikuwa amekaa barazani na Jumanne mapajani. Mimi nilipewa fimbo nilinde mpunga ulioanikwa kwenye mkeka nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji ya paa yalikuwa yamelainisha udongo chini ya ukuta. Kidimu alikuwa hapo. Aliparua, akarudi nyuma, akatazama, akaparua tena. Safari hii hakuondoka. Alikamata kitu kwa mdomo akakivuta kama anayevuta mnyoo, kikatoka kidogokidogo: pindo la nguo, kisha kifundo kizima, kimefungwa kwa uzi mweusi.

Sikujui alimwona akadhani ni chakula, akaja mbio. Kidimu naye akakimbia na mzigo wake mdomoni. Bi Harusi na wengine wakamfukuza, na kundi zima likazunguka jiko, nami nyuma yao, likatokea uani mbele ya wageni wote, Kidimu ametangulia na kile kifundo kikining'inia kidevuni.

Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe. "Kidimu kafukua! Jamani, kidimu kafukua!"

Kidimu alishtuka akakidondosha. Watu walirudi nyuma kama wameona nyoka. Kitu kama kile hakiguswi kwa mkono, kwa hiyo Baba Mdogo Hamisi alileta jembe, akakisogeza juu ya kigae cha chungu kilichovunjika.

"Nani anapita nyuma ya jiko letu kila siku?" aliuliza. Macho ya watu yalikwenda kwenye ua wa matete. Kila jioni Bi Tatu alipita pale kumrudisha Mpangaji, na kila jioni Mpangaji alimfuata tena.

"Mtoto anakufa hapa," alisema Baba Mdogo, "na huyo mtu tunamgawia moto wa jikoni."

Alikwenda mwenyewe kumwita. Bi Tatu alikuja na mikono yake ina magamba ya samaki, kisu bado kiko mkononi, akakiweka chini alipoona watu walivyomtazama.

"Hamisi, kuna nini? Mtoto kazidiwa?"

"Fungua hiki," alisema Baba Mdogo akimwonyesha kigae. "Kama si chako, fungua kwa mkono wako tuone."

Bi Tatu alikitazama kile kifundo, akawatazama watu mmoja mmoja, watu aliowauzia samaki na kuwakopesha chumvi. "Mimi nikifungua mtasema najua kilivyofungwa," alisema polepole. "Na nisipofungua mtasema naogopa. Sasa mnataka nifanye lipi?"

Mtu mmoja nyuma akasema aitwe mganga, yule anayetaja watu. Nilikuwa mdogo lakini nilijua maana yake. Katika kijiji cha jirani mjane mmoja alitajwa hivyo hivyo. Waling'oa makuti ya nyumba yake mchana kweupe, na nilimwona akipita barabarani na sufuria kichwani, amemshika mjukuu wake mkono, na hakuna aliyemwitikia salamu. Nilimtazama Bi Tatu nikaona sufuria ile juu ya kichwa chake. Nilitaka kusema habari za matumbo ya samaki, lakini ni nani angenisikiliza.

Bibi alikuwa amekaa hapo muda wote, tasbihi mkononi. "Hapatajwi mtu uani kwangu," alisema. "Kitafunguliwa kwa bismillahi, na nitakifungua mimi. Kidimu ni wangu, ua ni wangu."

Alianza kuinuka, akiegemea goti. Hapo ndipo mama aliposema, "Usikiguse, mama. Ni changu."

Watu hawakumwelewa. Nafikiri hata Bibi hakuelewa. Mama alinipa Jumanne nimshike, na nakumbuka joto la mwili wake kifuani kwangu. Akatembea mpaka kwenye kigae, akapiga magoti, akakiokota kile kifundo kwa mkono mtupu. Baba Mdogo alisema, "Shemeji!" lakini mama hakugeuka. Alifungua uzi kwa meno, kama afunguavyo mtu aliyeufunga mwenyewe. Ndani ya kipande cha kanga kilichooza mlikuwa na kitu kidogo kikavu, kama kipande cha mzizi, nywele kidogo laini kama pamba, na uzi wa shanga unaovalishwa mtoto mchanga mkononi.

"Kitovu cha Shabani," alisema mama.

Jina lile nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile. Mimi niliitwa kifungua mimba. Mama aliitwa Mama Zuhura, kwa jina langu, na sikuwahi kujua kwamba kuna aliyenitangulia. Bibi alikaa chini tena, taratibu.

Mama aliwaeleza watu pale pale, hakuinua sauti. Kabla sijazaliwa yeye na baba walikuwa wakilima bondeni, upande wa Ngorongo, wakilala kwenye dungu juu ya nguzo wakilinda mpunga. Shabani aliishi mpaka akajua kucheka, akafa kwa homa. Wakamzika ukingoni, juu kidogo ya shamba. Msimu uliofuata mto ulifurika ukala ukingo, na kaburi likaenda na maji. Walipohamia huku juu, mama alikuwa na kitovu cha mtoto kwenye pindo la kanga yake, na nywele alizonyolewa, na shanga zake.

"Mtu kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake," alisema. "Mwanangu hakuwa na kaburi. Nilitaka awe na kwao. Nikamzika karibu na jiko, niwe naye ninapopika."

"Mbona hukusema?" aliuliza Baba Mdogo.

Aliyejibu alikuwa Bibi. "Nilimkataza mimi. Nilimwambia asimtaje. Nilimwambia mtoto aliyekufa akitajwa huwafunga wanaokuja nyuma yake. Ndivyo nilivyoambiwa na mama yangu, na ndivyo nilivyozika wangu wawili." Akamgeukia mama. "Mwanangu, kidimu kafukua kile nilichokufanya mimi ukifukie."

Nimewaza sana juu ya Bibi. Alikuwa mtu wa miiko. Alitukataza kupiga mluzi usiku, kufagia baada ya magharibi, kuhesabu vifaranga kwa kidole. Ilikuwa rahisi kwake kusema kwamba homa ya Jumanne imeletwa na mama kwa kuvunja mwiko, na nusu ya watu uani wangemwamini kabla hajamaliza. Badala yake aliinuka, akamwendea mama, akakaa naye chini kwenye udongo. Wazee wengi ninaowafahamu wana elimu kubwa kuliko yake, lakini mbele ya watu hawawezi kusema: nilikosea.

Bi Tatu alikuwa bado amesimama. Mama alimtazama akasema, "Dada, nisamehe. Nilisikia wanakusema nikachelewa kufungua mdomo."

"Ungechelewa kidogo tu zaidi, wangenitaja," alisema Bi Tatu. Akaokota kisu chake akarudi kwake, na tukasikia akilia nyuma ya matete, kilio cha mtu aliyejizuia mpaka amefika mlangoni.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Mchana ule Bibi na mama walikizika tena kile kitovu, pale pale nyuma ya jiko, lakini kwa kina zaidi, na Bibi akasoma Fatiha kwa sauti. Juu yake walipanda mche wa mpera. Kidimu alikuja akasimama jirani, kichwa upande, akisubiri tumalize ili akakague. Bibi akamfukuza kwa upole kwa ncha ya kanga yake. "Basi, mama," alimwambia. "Umeshaona."

Homa ya Jumanne ilikatika baada ya kumaliza dawa za zahanati. Kijijini walisema imekatika kwa sababu kidimu amefukua. Mama alisema ni zile dawa chungu alizokuwa Jumanne akizitema, naye mama akimrudishia kinywani. Jumanne mwenyewe ni mtu mzima sasa, anaendesha bodaboda, na akisimuliwa kisa hiki anacheka akidai sifa zote ni zake kwa kutokufa.

Baba Mdogo Hamisi hakwenda kuomba radhi kwa maneno, maana maneno ya namna ile yalikuwa yanamshinda. Alimpelekea Bi Tatu makuti mapya, akapanda juu ya paa lake akaanza kuezeka, bila kuulizwa wala kuuliza. Bi Tatu alimwacha afanye kazi kutwa nzima bila kumwitikia. Jioni akamtolea samaki wa kukaanga kwenye sahani, akaiweka chini ya ngazi, akaingia ndani. Ilichukua muda mrefu kabla hawajakaa mkeka mmoja, na sidhani kama ilikuwa haki kuwatarajia mapema. Hata mama alipompelekea uji, wiki zile za mwanzo aliupokea mlangoni.

Halafu asubuhi moja, mama anachochea moto, sauti ya Bi Tatu ikatoka nyuma ya matete.

"Mama Shabani, umeamkaje?"

Nilikuwa karibu, naota moto. Mama aliacha kuchochea. Moshi ulimwingia machoni, au tuseme ulikuwa moshi. "Nimeamka salama, dada," alisema. "Salama kabisa."

Tangu siku ile Bi Tatu hakumwita kwa jina jingine, na wengine wakamfuata mmoja baada ya mmoja. Mtu angetegemea niumie, mimi niliyenyang'anywa cheo cha kifungua mimba mbele ya watu. Sikuumia. Nilijiona kama mtu aliyeishi miaka yote kwenye chumba kimoja akaambiwa kuna kingine, chenye dirisha.

Kidimu alikufa kwa uzee, jambo ambalo kuku wachache wa kienyeji hulipata. Bibi alikataza asichinjwe. Mpaka mwisho aliparua kila pembe ya ua ule, akafukua vigae, vifuniko vya chupa, na kijiko cha mama kilichopotea mwaka mzima. Uchawi hakuwahi kufukua hata siku moja, wala hilo halikumpunguzia heshima machoni mwetu.

Mama sasa ni mzee, anakaa nami hapa mjini. Kuna wakati nilimuuliza kama siku ile hakuogopa, kwa sababu angeweza kunyamaza. Mganga angekuja, angemtaja Bi Tatu, na siri ya mama ingebaki siri.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini wewe ulikuwa unamtazama Tatu. Nikaona unavyomtazama."

Bado ninasikia watu wakisema kidimu hulinda nyumba. Siwabishii. Ninachojua ni kwamba nyumba iliyokuwa inaanguka asubuhi ile haikuwa yetu, ilikuwa ya jirani, na aliyeishika isianguke ni mwanamke aliyepiga magoti kwenye udongo, akafungua kwa meno yake kitu alichokuwa akikipenda kuliko vyote.